Aliyebipa kwa Namba 101

Ukipiga simu kwenye ofisi ya malori ya Papa Mbusa pale Walikale, usitegemee salamu. Wengine hupokea kwa "alo", wengine kwa "bonjour", wengine hukohoa kwanza. Kaswera hupokea kwa maneno mawili: "Sema jina." Hata akiwa Papa Mbusa mwenyewe, tajiri mwenye malori, ambaye sauti yake inajulikana hata na mbwa wa depo, atataja jina lake ndipo mambo yaendelee. Madereva wamenuna, wametania, wamemwita afisa wa mpaka. Ukikaa kimya, anakata. Na ukimbipa, yaani ukiiacha ilie mara moja au mbili kisha ukate ili yeye ndiye akupigie, hakupigii ng'o, hata kama lori lako limezama kwenye tope hadi madirishani.

Watu husema ni kiburi cha Wanande. Wasiojua husema mengi.

Kaswera alizaliwa Butembo katika ukoo wa wachuuzi wa Kinande, na akiwa na miaka ishirini na mbili alishuka hadi Sake kuuza unités, yaani muda wa maongezi wa simu, chini ya mwavuli. Kuuza unités ni kazi ya kukaa, na yeye kukaa hakuwezi. Akaanza kufungua simu za wateja kwa bisibisi ya fundi saa, kubadilisha vioo, kukausha zilizotumbukia chooni. Siku moja Papa Mbusa alimkuta akifufua simu ambayo gurudumu la lori lake mwenyewe lilikuwa limeikanyaga. Akamchukua hadi ofisi yake ya Masisi, akampa meza, kiti na mzigo wa matatizo.

Tatizo kubwa lilikuwa mawasiliano. Mwaka ule wa 2021 vita ilikuwa inakwenda na kurudi milimani, na minara ya simu ilikuwa ya kwanza kufa. Leo huyu anaizima, kesho yule anaiba mafuta ya jenereta yake. Lori likitoka Walikale, watu wa Masisi hawakujua kama liko njiani, limekwama au limetekwa. Papa Mbusa akaamua kwamba atakuwa na simu zake mwenyewe, za kupita kwenye internet ya setilaiti, kutoka depo hadi depo, bila kumwomba mtu mnara. Akamtuma Kaswera Goma kuzichagua.

Muuzaji aliitwa Jacques, kijana mpole mwenye duka dogo na maneno mengi. Alimtandikia mezani simu nzuri nzuri, zenye vioo vya rangi na vitufe kama piano ya kanisani. Kaswera hakuzigusa.

"Hii inakula wati ngapi?" akauliza.

"Dada, weye angalia kwanza image yake..."

"Image hatutaikula. Nakuuliza wati."

Kwa sababu kule milimani kila kitu kingeishi kwa paneli moja ya jua na betri mbili, na kipindi cha mvua jua la Masisi huonekana kwa miadi. Akachagua simu nne za kijivu, za kawaida, zenye kioo kidogo cha kuonyesha namba tu. Akachagua seva ndogo ya kuziunganisha, yenye ukubwa wa sabuni ya mche iliyokatwa nusu. Akamwambia Jacques aziweke zibane sauti sana, ili maneno yapite hata mvua ikipunguza nguvu ya sahani ya setilaiti. Ulikuwa uchaguzi wa mtu mwenye akili, na hadi leo Jacques anausifu.

Lakini vitu viwili Jacques alimshauri, na yeye akavikataa. Cha kwanza kilikuwa kisanduku cheusi kinachoitwa pare-feu.

"Ni sentinelle ya mulango," Jacques alieleza. "Inakatala watu ya internet waingie mu simu zenu."

"Na yenyewe inakula?"

"Wati kenda."

"Basi ibakie hapa. Nani wa internet anajua depo yetu ya Nyamitaba?"

Cha pili kilikuwa namba. Kaswera alitaka 100 iwe Masisi, 101 Nyamitaba, 102 Walikale, 103 Goma. Jacques akasema hizo ni rahisi mno, kila mtu duniani huanza na hizo, achague za kwake zilizo ngumu kidogo. Kaswera akacheka. Yeye alitaka namba ambayo dereva aliyechoka anaweza kuikumbuka. Mtu yeyote mwenye kujua madereva angesema vilevile.

Miaka miwili simu zile zilikuwa watoto wake. Aliongeza maji kwenye betri, alizichomoa radi ilipoanza kunguruma, alifukuza panya waliopenda ladha ya waya wa kijivu kuliko waya mwingine wowote. Upepo ukisogeza sahani kwa upana wa kidole, sauti zilikatika, naye alipanda juu ya bati na spana mdomoni. Kubana matumizi, aliwasha mashine saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, kisha tena mchana kwa saa mbili. Na sikio lake likajifunza jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, kwamba kila simu huja na mahali pake nyuma ya sauti. Walikale ilikuja na jenereta na watu wakibishana. Goma ilikuja na pikipiki. Nyamitaba ilikuja na ng'ombe, na upepo ukipiga bati moja lililolegea. Kabla mtu hajafungua mdomo, Kaswera alikuwa anajua yuko wapi.

Mlinzi wa depo ya Nyamitaba, ambako jibini na viazi vilisubiri lori, aliitwa Nzabonimpa. Mtu wa mashamba, mrefu, wa maneno machache, aliyezaliwa kwenye mlima uleule. Kuongea kwenye simu hizi alikuchukia kabisa. Sauti ya setilaiti huchelewa kidogo, na kila alipoanza kusema, jibu la neno la nyuma lilimwangukia katikati. "Ile kintu inanikata maneno kama mutoto hana adabu," alilalamika. Kwa hiyo akabaki na desturi ya zamani ya madereva. Kila siku saa kumi na mbili, Kaswera akiwasha tu mashine, 101 ililia. Bip moja ilikuwa na maana ya niko muzima, depo iko salama. Bip mbili, mutu akuje.

"Papa Nzabonimpa, hizi simu ni za bure!" Kaswera alimwambia mara ngapi. "Unabipa ya nini? Ongea!"

Kesho yake, bip moja. Mwishowe Kaswera aliizoea, akawa hamimini chai kabla hajaisikia.

Mwishoni mwa 2023 vita ilifika Nyamitaba. Ilifika siku ya soko, na watu waliteremka mlimani na walichokuwa wameshika mkononi wakati ule. Mukashema, mke wa Nzabonimpa, alifika Masisi baada ya siku tatu akiwa na binti yao wa miaka minne, Igiraneza, na sufuria. Mume alikuwa amewatanguliza. Alisema anafunga depo, anawafuata.

Hakufuata. Siku ya nne, ya tano, ya nane. Mukashema alilala kwenye darasa la parokia pamoja na familia nyingine kumi na moja, na kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili alikuwa kwenye benchi la ofisi, mtoto mgongoni, akiitazama ile simu ya kijivu. Haikulia. Kwenye kioo cha seva, alama ya 101 ilikuwa nyekundu, maana yake simu ya Nyamitaba haipatikani.

Siku ya kumi Kaswera aliwasha mashine, akageuka kuchukua birika, na simu ikalia. Mara moja. Ikakatika. Kwenye kioo pameandikwa 101.

Mukashema akapiga kelele ya furaha iliyomwamsha mtoto, akiuliza kama ndiye mumewe.

"Njo yeye! Dada Kaswera, njo yeye?"

Kaswera alitazama seva. Alama ya 101 ilikuwa bado nyekundu. Alifungua orodha ya simu zilizopita kwenye seva, na hiyo bip haikuwamo, kana kwamba haikupita. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, betri zilikuwa dhaifu, na seva ile ilishawahi kusahau mambo. Namba ilikuwa imeandikwa pale, na macho yake yaliiona.

Kesho yake tena, bip moja. Keshokutwa, bip moja. Mchana pia ililia mara mbili tatu, ovyo ovyo, lakini za mchana hawakuzihesabu, kwa sababu Nzabonimpa hakuwa mtu wa kubipa mchana. Mtu husikia anachokingoja.

Ofisi iligawanyika. Karani wa stoo alisema hataki tena kukaa chumba kimoja na simu ile. Mpishi akasema waziwazi kwamba Nzabonimpa amekufa na ndiye anayepiga. "Mufu hana unités," alisema, "ni lazima abipe." Wengine walicheka, halafu wakaacha kucheka wote pamoja. Mwendesha pikipiki aliyetoka Bihambwe, kwenye njia ya Nyamitaba, alisema amezungumza na watu waliopita Nyamitaba, na depo ile haina mlango wala bati, wala paneli, ni kuta tu.

Hapo ndipo Kaswera alipokasirika. Hasira yake ilikuwa ya fundi. Alikuwa ametumia miaka miwili kuwaambia watu wale kwamba simu ni waya na umeme, si uchawi, na sasa wanamleta maiti kwenye mashine yake. Akasimama mbele yao wote, mbele ya Mukashema, akasema: "Mufu habipi. Ni mutu muzima anabipa. Simu najua mimi, hamujue ninyi. Nzabonimpa iko muzima."

Akiwa amesema hivyo mbele ya watu, hakuwa na njia ya kurudi.

Siku ya kumi na tatu aliwahi kuinua mkono wa simu kabla haijakatika. "Alo? Papa Nzabonimpa?" Akasikiliza. Hakukuwa na ng'ombe. Hakukuwa na upepo wala lile bati lililolegea, wala mvua, wala ile sauti ya mchanga ambayo setilaiti huwa nayo hata pasipo na mtu. Simu ile haikuwa na mahali nyuma yake. Kaswera akatamani kuuweka chini, lakini Mukashema alikuwa ameshaushika.

Mukashema aliongea na ule ukimya kwa Kinyarwanda, polepole, kwa muda mrefu. Alimweleza habari za mtoto, za darasa la parokia, za sufuria. Kisha akarudisha mkono wa simu kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani kwa jirani.

"Anapumua," alisema. "Nilimusikia."

Kaswera alijua kwamba mle ndani hakukuwa na pumzi. Angeweza kusema. Alimtazama yule mama usoni, akaona uso ambao haukuwa umetulia hivyo kwa wiki mbili, akasema tu kwamba laini ni mbaya.

Jumanne iliyofuata, saa kumi na mbili na dakika nne, simu ya Masisi ililia. Ikalia tena. Ikakatika. 101. Bip mbili.

Mukashema alikuwa tayari amesimama. "Ananiita," alisema.

"Mama Igiraneza, ngoja kwanza. Kule kuko watu ya bunduki."

"Watu ya bunduki wako kila fasi. Mwanamuke anaweza kupita, watasema ni wa mashamba. Bwana yangu njo iko mahali ya hatari, yeye peke yake." Akafunga kitenge upya, akakaza fundo. Kisha akamkazia Kaswera macho. "Dada, weye unajua hizi mashini. Niambie neno moja tu. Ni yeye?"

Alama nyekundu ilikuwa palepale kwenye kioo. Orodha ilikuwa tupu. Karani na mpishi walikuwa mlangoni wakisikiliza.

"Ni yeye, mama," Kaswera akasema.

Mukashema akamshusha mtoto mgongoni, akamkabidhi mikononi mwa Kaswera, akasema atarudi baada ya siku nne, pengine tano. Akaondoka na fimbo na mfuko wa unga, akashika njia ya Bihambwe. Mtoto hakulia. Alitazama mlango.

Zilipita siku sita. Kila asubuhi ililia mara moja, na Kaswera alijiambia kwamba sasa ni wawili wanaobipa.

Siku ya saba alikuwa ndiyo kwanza amewasha mashine pale mtu mrefu alipoinama kuingia mlangoni. Alikuwa amekonda hivi kwamba koti lake lilionekana la kuazima, na mguu mmoja ulikuwa umefungwa majani na kitambaa. Mpishi alimwona kwanza, akadondosha kikombe, akakimbilia nje akiomba kwa sauti.

"Papa Nzabonimpa," Kaswera akasema. "Asifiwe Mungu. Umefika. Mama Igiraneza uko naye nyuma?"

Nzabonimpa hakuelewa swali. Alikuwa mtu wa kumaliza jambo moja kabla ya kuanza lingine, na alikuwa na jambo alilolibeba safari nzima. Akafungua gunia lake, akatoa kitu kilichofungwa kwa shati la zamani, akakiweka juu ya meza, akafungua shati.

Ilikuwa simu ya kijivu. Waya wake ulikuwa umezungushiwa vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, na kufungwa kwa uzi wa mgomba. Chini yake kulikuwa na kipande cha karatasi ambacho Kaswera mwenyewe alikibandika miaka miwili iliyopita, chenye mwandiko wake: 101.

"Niliitoa siku ileile ya kwanza," Nzabonimpa alisema. "Nilisema wataiiba, na ni ya Patron Mbusa. Njia ya Masisi walishaifunga, nikazungukia mu pori. Nilikuwa mugonjwa, nikalala kwa watu wiki mbili. Lakini haiko na kitu, angalia. Hata maji haikuingia."

Ndipo simu ya ofisi ikalia.

Wote wawili waliitazama. Ililia mara moja, kwenye kioo chake kidogo pakawaka 101, na palepale pembeni, kwa umbali wa kiganja, 101 yenyewe ilikuwa imelala kimya na waya wake umefungwa kwa uzi wa mgomba. Kisha ikakatika. Kaswera aliogopa kama hajawahi kuogopa bunduki.

"Nani huyo?" Nzabonimpa akauliza.

Kaswera alichukua simu akampigia Jacques Goma, akamweleza yote kwa mkupuo. Jacques akasema kwa upole kwamba haikuwa mtu. Ni mashine, zilizo mbali, hakuna ajuaye wapi, zinazozunguka internet dunia nzima zikigonga kila mlango. Zinajitaja kwa namba rahisi, 100, 101, 1000, zikitafuta simu iliyo wazi ili wezi waitumie. Hazipiti kwenye seva, zinagonga simu yenyewe moja kwa moja, ndiyo maana orodha ilikuwa tupu. Hazijui bip, ziligonga asubuhi kwa sababu ndipo mashine ilipowashwa. Hazijui kama kuna mtu hapo. "Njo ile nilikuambia ya pare-feu, dada," alisema, na mara moja akaonekana kujuta kusema.

Kaswera aliweka simu chini. Mpishi, pamoja na ujinga wake wote, alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko yeye, maana hakuna mtu aliye hai aliyekuwa akipiga. Kaswera alimweleza Nzabonimpa yote, bila kujificha nyuma ya mvua wala betri. Alimwambia kuhusu bip moja, na bip mbili, na njia ya Bihambwe.

Nzabonimpa alisikiliza hadi mwisho.

"Alikuuliza kama ni mimi?"

"Aliniuliza."

"Na weye ukasema?"

"Nikasema ni weye."

Hakumtukana. Angemtukana, Kaswera angeshukuru. Alimtazama binti yake aliyekuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya meza, akamfunika mguu uliotoka nje ya blanketi, hakumwamsha. Akaomba chai, akainywa akiwa amesimama. Kisha akachukua gunia lake, sasa likiwa jepesi, akashika njia aliyoishika mkewe, akichechemea. Kaswera alimfuata hadi barabarani akimwita, na yeye hakugeuka.

Siku hiyohiyo Kaswera aliuziba mlango wa simu kwa kubadilisha mipangilio yake, Jacques akimwelekeza. Ilichukua dakika ishirini, na haikula hata wati moja ya ziada. Kesho yake saa kumi na mbili hapakulia kitu. Alikaa na birika mkononi mpaka chai ikapoa.

Ofisi ya Masisi ilifungwa baada ya wiki tano, na lori la mwisho liliwahamishia Walikale, yeye na seva na mtoto. Aliacha ujumbe wa Nzabonimpa na mkewe parokiani, kwa karani, kwa kila mwendesha pikipiki wa njia ya Bihambwe. Ni mwaka wa pili sasa, na wote wawili hawajarudi. Wapo wanaosema waliona mwanamke kama huyo upande wa Kitshanga, wapo waliosema mengine, na Kaswera huandika kila habari na jina la aliyeileta. Namba zake zote siku hizi ni ngumu, na madereva wanalalamika. Namba 101 haipo.

Ila simu yenyewe ipo, juu ya rafu, waya wake umezungushwa vilevile. Igiraneza, ambaye sasa anakaribia kwenda shule, huishusha wakati mwingine akaiweka mapajani. Juzi Kaswera alimkuta ameinua mkono wa simu sikioni.

"Sema jina," mtoto alisema. Akasikiliza.

Kaswera alichuchumaa mbele yake. Aliapa siku moja kwamba hatamwambia tena mtu wa nyumba ile uongo wa simu, hata ulio mtamu.

"Hakuna mutu mule, mama. Haijafungwa ku kitu. Haiwezi kulia."

"Najua," Igiraneza alijibu, bila kuushusha. "Nangoja tu."